Akropora inachubuka kuanzia shinani, goniopora haifunguki: tatizo ni taa?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Chumbageni, Tanga. Nina tangi la matumbawe la lita 300, lina miezi 14 sasa. Matumbawe laini na montipora (aina ya tumbawe la mfupa) yananawiri, ila yale magumu kutunza yananishinda. Akropora, yale ya matawi, nimepoteza tatu: nyama inachubuka kuanzia shinani, inapanda taratibu, na baada ya wiki mbili tatu unabaki mfupa mweupe. Ya nne imeshaanza. Goniopora, tumbawe linalofunguka kama maua, ilifunguka vizuri kwa miezi minne, sasa inatoa nusu tu ya polipu zake (vile vinyama vyenye minyiri) na inazidi kusinyaa; nimeiweka juu kabisa, karibu na taa, ili ipate nguvu.

Maji nachota ufukweni Raskazone na kubadilisha lita 30 kila Jumapili. Siku hiyohiyo naweka vijiko viwili vya chakula vya bikaboneti ya soda, maana alkali huwa imeshuka: Jumamosi inasoma dKH (nyuzi za kupimia alkali) 7, Jumapili jioni inasoma 10. Naitreti sifuri, fosfeti sifuri (natumia dawa ya kunyonya fosfeti). Chumvi 35. Joto asubuhi 26.5, alasiri 30. Maji yanakauka kama lita 4 kwa siku, najazia ya bomba yaliyolala usiku kucha. Rafiki yangu anasema taa yangu dhaifu, ninunue nyingine. Mwingine anasema matumbawe ya kununua ni legelege, kuna mvuvi anaweza kunikatia yaliyozoea maji ya kwetu. Unanishauri nini?

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Hela ya taa ibaki mfukoni kwanza.

Tumbawe lililokosa mwanga kwa kawaida halianzi kwa kuchubuka. Hugeuka kahawia, kwa kuwa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake huongezeka ili unase mwanga kidogo uliopo, na ukuaji hupungua. Joto likizidi napo dalili ni nyingine: tumbawe humtema yule mwani, nyama ikabaki ila imekuwa kama kioo, ukiitazama unaona mfupa kwa ndani. Huko ndiko kupauka, na tumbawe lililopauka bado liko hai, linaweza kurudi. Kwako nyama yenyewe inabanduka. Nikiitwa kwenye tangi lenye dalili hiyo, kitu cha kwanza ninachoomba ni vipimo vya alkali vya wiki nzima. Wewe umeshaniletea: Jumamosi 7, Jumapili jioni 10.

Tupige hesabu. Kupandisha alkali kwa dKH 1 katika lita 300 kunahitaji karibu gramu 9 za bikaboneti. Vijiko viwili vya chakula ni kama gramu 28. Kwa hiyo kila Jumapili unairusha alkali nyuzi tatu kwa mara moja, kisha inateremka wiki nzima, kisha unairusha tena. Bahari ya wazi haimfanyii tumbawe hivyo. Alkali yake ni karibu 6.5 hadi 7 usiku na mchana, mwaka mzima. Akropora anaweza kuishi kwenye 7, anaweza kuishi kwenye 9. Kinachomuua ni safari ya kwenda na kurudi. Matumbawe laini hayaoni shida kwa kuwa hayajengi mfupa mzito, na montipora ni mvumilivu zaidi, ndiyo maana tangi lako linaonekana zima huku mmoja tu anakufa.

Halafu lipo la pili linaloongeza ukali wa hilo la kwanza. Naitreti sifuri na fosfeti sifuri si usafi, ni njaa. Wafugaji wengi wameona kwamba alkali ikiwa juu na chakula kimekauka majini, ncha za akropora huungua na nyama huwa nyembamba. Toa hiyo dawa ya kunyonya fosfeti, yote. Walishe samaki wako mara mbili kwa siku badala ya kuwabania. Unatafuta naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Mwani kidogo utaota kwenye kioo, futa, usiogope.

Sasa tufanye nini na alkali? Wiki mbili za kwanza usiongeze kitu kipya. Chukua hiyohiyo bikaboneti, igawe: gramu 4 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, uiyeyushe kwenye maji ya kujazia na uimimine polepole penye mkondo. Pima kila siku saa ileile, tuseme saa mbili usiku, uandike. Hakikisha ni bikaboneti tupu, si ile poda ya kuumulia keki ambayo ina vitu vingine ndani, na wala si magadi ya kulainishia maharage. Lengo ni 8 pasipo kuyumba zaidi ya nusu nyuzi kwa siku.

Lakini bikaboneti peke yake haikutoshi, na hapa ndipo naona hukupima kitu kimoja: kalsiamu. Tumbawe likijenga mfupa hutumia vyote viwili kwa pamoja. Kwa kila dKH 1 ya alkali inayoliwa, kalsiamu hupungua karibu miligramu 7 kwa lita. Tangi lako linakula dKH 3 kwa wiki, basi linapoteza kama miligramu 20 za kalsiamu kila wiki, na lita 30 za maji mapya hurudisha sehemu ndogo tu. Ukipima leo sitashangaa ukikuta 350 au chini yake, wakati bahari ina kama 410. Pima pia magnesiamu. Ikiwa chini ya 1250, alkali na kalsiamu hazitatulia hata ufanyeje.

Dawa nafuu ya yote mawili ni maji ya chokaa. Najua Tanga mmezungukwa na mawe ya chokaa, kuanzia Amboni na kuendelea, na chokaa ya ujenzi ni ya bei ya chini. Usiithubutu. Imechanganyika na mambo mengi ambayo ukuta haujali. Tafuta kalsiamu haidroksaidi ya daraja la chakula au la maabara. Kwa matumizi yako, gramu 2 kwa siku ndani ya zile lita 4 za kujazia zinatoa karibu nusu dKH, ambayo ndiyo tangi linayokula. Changanya, funika, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu tu, na yadondoke tone kwa tone usiku kucha kwa mrija mwembamba wenye fundo au koki ya dripu. Usiyamimine kwa kopo. Maji ya chokaa iliyokolea yana pH zaidi ya 12, yanaunguza macho na yakiingia mengi kwa mara moja yanaweza kuua viumbe wa tangi. Chokaa ikishika kazi, bikaboneti punguza kidogo kidogo hadi uiache. Kama kalsiamu umeikuta chini sana, chokaa haitaipandisha, itaizuia isishuke zaidi. Hapo utahitaji kalsiamu kloraidi, ukipandisha si zaidi ya miligramu 20 kwa lita kwa siku.

Maji ya bomba yaliyolala usiku kucha hupoteza klorini, basi. Shaba ya kwenye mabomba haipotei, na chumvichumvi zinazofanya maji yawe magumu hazipotei. Kila siku unaziongeza na hazina pa kutokea. Nunua maji kwenye vituo vinavyosafisha kwa RO (utando unaochuja hata chumvi), lakini nenda na kipimo chako cha TDS (madini yaliyoyeyuka majini): wengi hurudishia madini baada ya kusafisha ili maji yawe na ladha. Unataka kipimo kisome 0 hadi 5. Maji ya mvua ya bati usiyatumie hata yakiwa na TDS ndogo, zinki ya bati ni sumu kwa hawa viumbe.

Kuhusu maji ya bahari, sina ugomvi na kuyatumia. Ni bora kuliko chumvi nyingi za paketi. Ugomvi wangu ni ufukweni. Ghuba ya Tanga ina bandari na inapokea mto Sigi, na wakati wa masika unachota matope na maji matamu humohumo. Zungumza na mwenye ngalawa akutolee nje ya ghuba, maji yakiwa yamejaa, ikiwezekana siku za kaskazi bahari imetulia na mvua hakuna. Chota ya kutosha mwezi mzima. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke kwenye mapipa ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, gizani, pampu ya hewa ikizunguka ndani. Pima chumvi ya kila pipa kwa rifraktomita kabla ya kulitumia, hata kama ni la jana.

Joto. Utaniambia mwezi wa tatu bahari yenyewe ya Tanga hufika nyuzi 29 na matumbawe yapo. Kweli, ila yamelifikia joto hilo kwa miezi, na usiku halishuki nyuzi tatu kisha kupanda tena kesho. Tena hata hayo yana kikomo: mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya matawi yalipauka na kufa kwenye miamba yetu, Mafia hasa. Wewe unafanya 26.5 hadi 30 kila siku ya Mungu. Mashine ya kupoza maji ni ghali na inakula umeme. Kabla ya kuifikiria, badilisha saa za taa. Ziwake saa kumi jioni, zizime saa saba usiku. Kwa nini taa ichome maji saa nane mchana, wakati bati la nyumba nalo linachoma? Ondoa mfuniko wa kioo, weka feni mbili ndogo zipige usawa wa maji. Kwa unyevu wa hewa ya pwani feni haitakupa maajabu, lakini nyuzi mbili unazipata, na maji yatakauka zaidi kwa hiyo hesabu ya kujazia itaongezeka. Gramu za chokaa zibaki zilezile 2. Na umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ni lazima. Matumbawe hukosa oksijeni kabla hayajakosa mwanga.

Goniopora sasa. Huyu umemtesa kwa nia njema. Porini goniopora wengi hukaa kwenye maji yenye ukungu, ndani ya ghuba na nyuma ya miamba, mwanga si mkali na chakula kinaelea kila mahali. Mshushe mchangani, pembeni ya tangi, mkondo umpepee tu polipu zicheze bila kulala upande mmoja. Kisha mlishe, kwa sababu hawa hufa polepole kwa njaa: miezi minne mizuri halafu kusinyaa, ndiyo hadithi yao ya kawaida. Nenda sokoni upate uduvi mbichi, sio mkavu wenye chumvi na mchanga. Uoshe kwa maji safi, uusage laini kabisa, uupitishe kwenye chujio la chai, ugandishe kwenye trei ya barafu. Mara tatu kwa wiki zima pampu kubwa dakika 15, mpulizie kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, juu ya polipu, si ndani yake. Hata akropora wako watafaidi mabaki.

Yule akropora wa nne usimsubiri. Kata leo kwa koleo safi, sentimita mbili juu ya mpaka wa nyama iliyobanduka, hata kama utabaki na vidole vitatu tu. Vichunguze kwa kioo cha kukuzia, ukitafuta minyoo bapa na mayai yake, vioshe kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye matone ya dawa ya iodini ya matumbawe, vigundishe kwa gundi ya haraka juu ya kipande cha jiwe. Viweke katikati ya kina, sio juu. Shina la zamani litoe tangini.

Na huyo mvuvi, mwambie hapana. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kukata tumbawe hai bila kibali ni kosa kisheria hapa kwetu. Juu ya hilo, sehemu kubwa ya maji ya Tanga, pamoja na visiwa vya Toten na Yambe, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Wala hoja yake haina mashiko kitaalamu: tumbawe lililokatwa mwambani jana linaingia kwenye tangi lako likiwa na kidonda na wadudu, na alkali yako ileile inalisubiri. Kipande kilichokuzwa tangini na mfugaji, chenye hati zake, kimeshazoea kioo.

Usinunue akropora mwingine mpaka daftari lionyeshe miezi miwili ya alkali isiyoyumba. Anza na posilopora, tumbawe jingine la matawi. Ni mvumilivu kiasi, na akichubuka utajua mapema kabla ya kumwaga hela. Nitumie vipimo vya kalsiamu na magnesiamu ukishavipata, pamoja na alkali za siku kumi za kwanza, nikurekebishie gramu.