Presha ya sasa, kumbukumbu ya uzeeni

SWALI: Nina miaka 44. Nimepimwa presha mara mbili: 142/90 na 146/92, lakini siumwi popote. Mama ana miaka 76 na amekuwa na presha kwa muda mrefu. Siku hizi imeshuka, ila anazidi kusahau. Je, nianze dawa? Na yeye aache zake?

JIBU: Dada, presha huharibu ubongo kimyakimya. Mishipa myembamba inayolisha sehemu za ndani huchipuka moja kwa moja kutoka mishipa mikubwa, hivyo hupokea damu ikiwa bado na nguvu nyingi. Kuta zake hunenepa, njia hufinyika, na nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo hukosa damu. Nchini Uingereza, watafiti waliwafuatilia watu waliozaliwa wiki moja mwaka 1946. Wale ambao presha yao ilipanda haraka kati ya miaka 36 na 53 walikutwa, wakikaribia 70, na makovu zaidi ya ubongo au ubongo uliosinyaa zaidi. Umri wako umo humohumo, kwa hiyo usingoje dalili.

Kabla ya dawa, hakikisha namba. Pima nyumbani siku 7, asubuhi na jioni, mara mbili kila unapopima, ukipisha dakika moja. Kojoa kwanza, kaa kimya dakika 5, egemeza mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda mdogo kuliko mkono wako hupandisha namba, na mkono unaoning'inia vilevile. Acha vipimo vya siku ya kwanza, tafuta wastani wa vilivyobaki. Ukifika 135/85 au zaidi, hiyo ni presha ya kweli: mpelekee daktari daftari lako. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani.

Kuhusu mama, presha kushuka uzeeni si lazima iwe kupona. Mara nyingi huambatana na ugonjwa wenyewe wa kusahau. Asiache dawa ghafla, maana baadhi zikikatizwa presha huruka juu. Mpime akiwa amelala, kisha akisimama, baada ya dakika 1 na 3, huku umemshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, daktari aambiwe mapema apitie dozi, kwani anaweza kuanguka. Mwombe pia apime tezi ya shingo na vitamini B12: upungufu wake huleta usahaulifu unaotibika.