Kabla ya kuomba leseni ya mkoa, jua mawimbi yako yanaishia wapi

Ukishika kazi ya ufundi mitambo kwenye redio ya hapa Tanga, haitapita muda mkurugenzi atakuita akwambie kituo kinataka kutoka leseni ya wilaya kwenda ya mkoa, kwa hiyo transmita kubwa, yaani mtambo wa kurushia, iagizwe haraka. Msikilize kwa adabu. Kisha mwombe gari na mafuta, maana jibu la ombi lake liko barabarani kabla halijawa dukani.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo maofisini huchanganywa kila mara. Leseni ya maudhui, inayotolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ndiyo inayosema ninyi ni redio ya jamii, ya wilaya, ya mkoa au ya taifa. Masafa, yaani namba ya megahezi mnayorushia, na nguvu ya kurushia ni ruhusa nyingine. Kupanda daraja hakukupi kibali cha kuongeza hata wati moja kwenye mtambo uliopo, na kununua mtambo mkubwa hakuwafanyi kuwa redio ya mkoa.

Ukisoma mtandaoni utakutana na madaraja A, B na C, kilowati 6 kwa antena ya mita 100, na mengine ya namna hiyo. Hayo ni ya Marekani, usiyalete kwenye maombi yako. Sisi tumo kwenye mpango wa Geneva wa 1984, makubaliano ya kimataifa ya kugawana masafa ya FM: bendi ya megahezi 87.5 hadi 108, chaneli kwa hatua za kilohezi 100. Hata transmita iliyopangwa kwa soko la Marekani inabidi uikague kabla ya kuiwasha: priemfasisi yao, yaani kunyanyua sauti nyembamba kabla ya kurusha, ni mikrosekunde 75, ya kwetu 50. Ukiiacha hivyo, sauti ya mtangazaji itatoka kali, kila "s" inachoma sikio.

Sasa tuje kwenye usikivu. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka kilowati 1 hadi 2, unapata desibeli 3 tu, kipimo cha kulinganisha nguvu. Ili volti ya mawimbi inayofika kwenye antena ya msikilizaji iwe maradufu unahitaji wati mara nne, na bili ya umeme inakufuata. Urefu wa antena unalipa zaidi. Antena ikiwa mita 30 juu ya ardhi tambarare, upeo wake, yaani umbali inaoona kabla ardhi haijajipinda, ni kama kilomita 22. Ipandishe mita 120, unafika kama 45. FM huvuka upeo huo kidogo, lakini mlima haiuvuki kwa kulazimishwa na wati.

Na Tanga ni mkoa wa milima. Fuata barabara ya Muheza kwenda Korogwe, redio ya gari ikiwa wazi, daftari mkononi, mwenzako akiendesha. Andika kilomita, jina la kijiji, na unachosikia: safi, mikwaruzo, au kimya. Kisha ingia bonde la Lwengera, nyuma ya Usambara Mashariki. Pale redio nyingi za mjini hufifia, na Lushoto ni hivyo hivyo. Transmita ya kilowati 5 mjini haitawafikia watu wale kama transmita ndogo iliyowekwa mahali pazuri juu mlimani, yenye masafa yake. Usiombe kurudia masafa yale yale ya mjini: pale mitambo miwili inapokutana kwa nguvu zinazolingana, msikilizaji hapati hata mmoja.

Angalia pia upande wa bahari. Antena inayorusha pande zote, ukiisimamisha mjini Tanga, karibu nusu ya nguvu yake inakwenda baharini, upande wa Pemba. Wavuvi wa mkondo wa Pemba wanatusikiliza na wana haki yao, lakini juu ya maji mawimbi husafiri vizuri bila msaada mwingi. Antena inayoelekea zaidi bara inaweza kukupa Muheza bila kugusa transmita. Wachache huifikiria, nami naona ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa kituo cha pwani.

Kabla ya hayo yote, zima mtambo, panda mnarani. Fungua kiunganishi cha kebo pale inapoingia kwenye antena. Chumvi ya bahari hupenya hata utepe uliofungwa vizuri, na ndani utakuta shaba imeshika ukijani na tone la maji. Mita ya nguvu inayorudi kwenye transmita kutoka kwenye antena itakuwa imeshakwambia, kama ulikuwa unaiandika kila asubuhi. Kisha piga hesabu ya kinachotoka kweli: wati 1,000, kebo ikila desibeli 1, antena ikiongeza 3, unarusha kama wati 1,580. Hiyo ndiyo ERP, nguvu halisi inayorushwa, na ukiikosea, ramani yote ya usikivu kwenye maombi inakuwa uongo.

Upande wa Mkinga na Horohoro, kumbuka kuna Kenya. Masafa ya mpakani huhitaji maelewano ya nchi mbili, basi usimwahidi mkurugenzi tarehe. Na mkumbushe kwamba leseni ya mkoa ni deni kwa watu wa mkoa: mkulima wa Lushoto akianza kuwapata, atataka kusikia habari za Lushoto. Kama hakuna mwandishi kule, bora kubaki wilaya na kuitumikia vizuri. Hili nalisema kwa moyo wote, maana nimeona vituo vikisikika mbali bila kuwa na la kuwaambia wa mbali.

Vibali vikitoka, usiwashe nguvu mpya yote kwa mkupuo. Anza na nusu, soma nguvu inayorudi, shika kebo kama inapata joto, pandisha taratibu. Halafu sikiliza masafa ya majirani. Sikiliza na juu ya megahezi 108, bendi ya ndege inapoanzia, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Tanga uko jirani na mji. Ukisikia kipindi chenu kule, zima mtambo kwanza, ndipo umpigie mkurugenzi.