Barua kwa mwanangu: nafuu bado sio kupona

Mwanangu, meseji yako ya jana nimeisoma mara tatu. Unaniuliza kama unaweza kuacha dawa za sonona maana wiki ya 7 hii unacheka, kazini umerudi, na wenzio wanakwambia ukizizoea hutoki. Usiache mwanangu, nakuomba.

Hiyo ni nafuu. Mwenyewe umeandika saa tisa usiku bado unaamka na usingizi haurudi, chakula unakula ilimradi, sasa hayo mabaki ndo yanayorudishaga ugonjwa. Kliniki usiseme tu "naendelea vizuri" ukatoka, mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, maana akijua anaweza kuongeza dozi au kubadilisha dawa au kukupeleka kwa mwanasaikolojia, na sonona ikiwa kali dawa na mazungumzo vikienda pamoja vinasaidia kuliko kimoja peke yake.

Hili sijawahi kukwambia. Ulipokuwa darasa la tano na mi niliumwa hivyo hivyo, mama yako akanipeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, njia nzima nimeshusha kofia nisijulikane. Mwezi wa pili nikajiona mzima, nikaacha kimya kimya, vidonge nikavificha kwenye kopo la misumari. Msimu wa zabibu ulipofika nilikaa chini ya mzabibu na mkasi mkononi, vichala vimeiva mpaka nyuki wanavigombania, nikashindwa kukata hata kimoja. Mama yako alivuna peke yake. Nikaanza dawa upya na safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri uendelee miezi 9 mpaka 12 baada ya kupona, halafu daktari anakupunguzia taratibu, ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi. Na sio kama pombe kwamba utakuwa unazitamani.

Mshauri wangu alinipa na kazi, kila asubuhi nipalilie mstari mmoja, nisisubiri hamu ije kwanza. Siku zingine niliishia nusu mstari, ila nilitoka ndani. Na wewe tafuta chako, hata kutembea mpaka sokoni na kurudi.

Ijumaa nakuja na treni ya SGR, nakuletea mlenda mkavu, kliniki ya Jumatatu tunaenda wote. Mawazo ya kutaka kufa yakikurudia hata kidogo usinisubiri, nipigie hata saa nane usiku, simu nalala nayo.

Baba yako