Anza na besi: kwa wanaoanza kujifunza fyusheni

Vijana wengi wanaopiga gitaa au kinanda huvutwa kwenye fyusheni, muziki unaochanganya jazi na roki, kwa sababu ya kasi yake. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kupiga besi na kufundisha, ni kuiweka kasi pembeni kwanza. Rekodi za mwanzo za muziki huu, zile za 1967 hadi 1973, zimesimama juu ya mzunguko unaorudiwa bila kuchoka na nafasi iliyoachwa wazi juu yake. Asiyevisikia hivyo viwili atafundisha vidole tu, masikio yabaki nyuma.

Chukua In a Silent Way, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York tarehe 18 Februari 1969. Wapiga vinanda vya umeme ni watatu, Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul, na bado hakuna msongamano. Zawinul ndiye aliyeutunga wimbo uliotoa jina la albamu, akautilia kordi nyingi. Davis akaziondoa karibu zote. Gitaa alipewa John McLaughlin, Mwingereza aliyekuwa amefika Marekani mwezi huohuo, naye amesimulia kwamba aliambiwa apige kama mtu asiyejua gitaa. Msikilize pia Tony Williams. Alikuwa miongoni mwa wapiga drams wakali kuliko wote wa wakati wake, lakini upande mzima wa kwanza yuko kwenye hai-hati, zile sahani mbili zinazogongana, mapigo yaleyale. Mwenye uwezo ule akikubali kujizuia namna ile, bendi nzima inapumua.

Sasa jambo ambalo wanafunzi huchelewa kulijua. Mtayarishaji Teo Macero alikata na kuunga mikanda ya kikao kile. Dakika za mwanzo za upande wa pili ndizo hizohizo unazozisikia mwishoni mwake: ni mkanda uleule, umenakiliwa na kubandikwa tena. Agosti mwaka huohuo, tarehe 19 hadi 21, wakarekodi Bitches Brew, na hapo Macero akakata zaidi, hasa kwenye "Pharaoh's Dance", ambamo vipande vifupi vinajirudia kwa sababu ya wembe wa kukatia mkanda wala si kwa sababu ya wapigaji. Kwa hiyo usijitese kukariri wimbo wa dakika ishirini ukidhani ulipigwa hivyo kwa pumzi moja. Jifunze kipande, kisha uliza kwa nini kiliwekwa pale.

Usidhani pia kwamba kila kitu kilianza na Davis. Mwaka 1967 Gary Burton alitoa albamu ya Duster, na gitaa la Larry Coryell humo linavuta nyuzi kwa namna ya roki ndani ya jazi tulivu. Emergency! ya Tony Williams ya mwaka 1969 ina sauti iliyopasuka. Ivumilie, maana Larry Young kwenye ogani anaonyesha jinsi watu watatu wanavyoweza kujaza chumba kizima.

Albamu ninayowapa wanafunzi wangu mapema, na ninayoipenda kuliko zote, ni Mwandishi ya Herbie Hancock, iliyorekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970. Wanamuziki wake walikuwa wamechukua majina ya Kiswahili: Hancock mwenyewe Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, Billy Hart wa drams Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga. Wimbo wa kwanza, "Ostinato", ulitolewa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis na una mapigo 15 katika kila mzunguko. Usiuhesabu kwa kichwa. Piga makofi manane, kisha saba, bila kusimama katikati, huku ukiimba mstari wa besi kwa mdomo. Ukiweza kufanya hivyo na bado ukazungumza na mtu, shika chombo chako. Aliyekulia kwenye bendi za dansi hapa kwetu hatapata shida sana, kwa sababu mpiga besi wa sebene anaijua kazi ya kushikilia duara moja huku wengine wakiingia na kutoka.

Zoezi la pili: "Watermelon Man" ya Hancock mwaka 1962, kisha ileile kwenye albamu yake ya Head Hunters ya 1973. Katika ile ya pili Bill Summers anapuliza chupa ya bia, akiiga filimbi na sauti za watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Andika ni nini kimebaki kutoka ile ya kwanza, na nani amepewa kazi ya kukibeba.

Baada ya hapo nenda kwa Mahavishnu Orchestra, The Inner Mounting Flame ya 1971. McLaughlin na Billy Cobham wa drams wanakimbia kwelikweli humo. Wewe mfuate Rick Laird kwenye besi tangu mwanzo hadi mwisho, na gitaa lako liache kwenye kasha mpaka uweze kuziimba sehemu zake zote.