Nairobi hadi New York: mliyouliza kuhusu safari ya ndege

Ni kilomita ngapi, na ndege inachukua saa ngapi? (Msomaji, Nakuru)

Ni kama kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways wanaruka moja kwa moja bila kutua njiani: kwenda ni saa 15 hivi, kurudi 14. Ukibadilisha ndege Ulaya au Ghuba, hesabu saa 18 na kuendelea, kutegemea utasubiri kiasi gani.

Mbona kurudi ni haraka? Ni kwa sababu dunia inazunguka? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, ndugu yangu. Dunia inazunguka pamoja na hewa yake, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ni upepo. Huko juu, yapata kilomita 10 kutoka ardhini, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wewe wa pwani utanielewa upesi: nahodha wa jahazi alingoja kaskazi imlete kutoka Arabuni, akangoja kusi imrudishe. Rubani hangoji. Anaruka hata upepo ukimpiga usoni, na gharama yake ni muda na mafuta.

Ni kweli inapita Ulaya? (Msomaji, Eldoret)

Vuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Nairobi hadi New York uone. Uzi unakata Sahara, na nusu ya safari inaangukia Moroko, karibu na Marrakech. Baada ya hapo ni Atlantiki. Marubani huisogeza njia kidogo kwa ajili ya upepo au anga iliyofungwa.

Naenda kwa binti yangu. Tiketi inasema 23:00 hadi 07:00. Si saa 8 tu hizo? (Mama, Arusha)

Shikamoo mama. Tiketi huandika saa za kila mahali. Unaondoka saa 5 usiku. Ongeza 15, Nairobi ni saa 8 mchana. New York wako nyuma kwa saa 7, basi kwao ni saa 1 asubuhi. Kuanzia Novemba hadi Machi wanarudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa 8.

Tiketi ya mjomba ni Jumamosi 00:10. Tuondoke nyumbani lini? (Msomaji, Thika)

Ijumaa jioni! Nakusihi, msikosee hapa. Shangazi yangu alifika uwanjani Jumamosi saa 3 usiku, amevaa kanga mpya, sanduku limefungwa kwa kamba, na ndege yake ilikuwa imeshatua kule alikokuwa anakwenda. Tulikaa naye kwenye benchi, karatasi mkononi, akirudia, “Lakini imeandikwa Jumamosi.” Na kweli ilikuwa imeandikwa hivyo. Kwa lugha yetu huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Chukua kalamu sasa hivi, andika juu ya tiketi ya mjomba kwa herufi kubwa: IJUMAA, SAA 3 USIKU, TUWE UWANJANI.