Usisubiri siku ya Baraza kama mji unakuja kijijini kwenu

Siku ya Baraza la Madiwani ukumbi hujaa. Watu wa vijiji vya pembezoni huja na bodaboda, wawili wawili, wanakaa viti vya nyuma na bahasha zao za kaki mapajani. Mwananchi anaruhusiwa kusikiliza, kuongea haruhusiwi. Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji anasimama, anasoma ukurasa mmoja, "Kamati inaliomba Baraza lako tukufu liridhie," madiwani wanapiga meza, imepita, tuendelee na ajenda inayofuata. Kama dakika nne hivi. Wale wa nyuma wanaangaliana wakiulizana, ndiyo imeisha?

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Ninachotaka kukuambia, wewe mwenye shamba au kiwanja kijiji kinachopakana na mji, ni kwamba ukifika siku ya Baraza umechelewa sana. Mabishano yote yalishafanyika kwenye kamati, na kamati hukaa mlango umefungwa. Na hata kamati nayo imekuta jambo limeshaanzia kwenu.

Kwa utaratibu wetu wa Tanzania, pendekezo la kubadili mipaka ya utawala linatakiwa lianzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa. Likitoka hapo linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, linaingia Baraza la Madiwani, linakwenda DCC, yaani Kamati ya Ushauri ya Wilaya, RCC, yaani ile ya Mkoa, kisha TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mwisho wake ni tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Ngazi ni nyingi, lakini wewe mwananchi una sauti yako mwenyewe kwenye ngazi moja tu, ile ya kwanza. Kwingine kote anakusemea mtu. Sasa angalia watu wanavyoichukulia: mkutano mkuu wa kijiji wanaona ni wa wazee wasio na shughuli, Baraza ndiyo wanalivalia suti.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu mji ukiwameza, kijiji chenu kinakuwa mtaa, na kijiji na mtaa si kitu kimoja kilichobadilishwa jina. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni chombo kamili kisheria. Inashitaki na kushitakiwa, inatunga sheria ndogo, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji na kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Mtaa hauna nguvu hiyo. Mwenyekiti wa mtaa atakugongea muhuri wa barua ya utambulisho, atasuluhisha ugomvi wa mpaka wa ukuta, lakini ardhi iko mezani kwa maofisa wa mji. Na eneo likishatangazwa kuwa eneo la mpango chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, huendelezi chochote bila kibali. Yule uliyezoea kupiga naye tofali Jumamosi na kuanza msingi Jumapili, mwambie zama hizo zimekwisha.

Kuna jambo huwa linawachanganya watu hapa. Mpaka kuhama peke yake hakuleti fidia. Nimeona watu wazima wakimwuliza ofisa ardhi, "Tunalipwa lini?" siku kijiji kilipotangazwa kuwa mji. Fidia inakuja pale serikali inapotwaa ardhi yako kwa shughuli fulani, baada ya uthamini kufanyika na Mthamini Mkuu wa Serikali kuuidhinisha. Kuingizwa mjini ni kubadilishiwa mwenye kauli tu.

Sasa akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Neno hili wengi wanalisikia likitamkwa mwanzo wa kikao kama bismillahi, halafu basi. Kanuni za kudumu za halmashauri yetu zilitaka angalau nusu ya wajumbe kwa kikao cha kawaida. Zenu zina kiwango chao, omba nakala kwa mkurugenzi uzisome. Ila siri iko kwenye daftari la mahudhurio. Daftari linazungushwa asubuhi na ndilo linalotumika kulipa posho. Mjumbe anasaini, anakunywa chai, anakula sambusa mbili, simu inaita, anatoka "mara moja". Saa saba mchana daftari linasema wako saba, kwenye viti wako wanne. Kikao hakisimami chenyewe. Lazima mtu aseme.

Nakumbuka kikao kimoja cha Kamati ya Mipango Miji. Wajumbe 11, waliosaini sita, na mmoja kati ya hao sita alikuwa ameshaondoka kwenda msibani. Ajenda ya kumega vitongoji vya kijiji cha jirani ikaitwa. Kulikuwa na diwani mmoja mzee, mpole, karibu vikao vyote alikuwa akisinzia. Siku hiyo akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaendelea, tuhesabiane." Wakahesabiana. Watano. Mwenyekiti akanigeukia mimi kana kwamba nimewaficha wajumbe chini ya meza. Ajenda ikaahirishwa hadi robo iliyofuata.

Miezi mitatu hiyo ndiyo iliyowaokoa watu wa kijiji kile. Walikwenda kwa mtendaji wao wakaomba muhtasari wa mkutano mkuu, wakakuta uliridhia vitongoji viwili. Makabrasha ya kamati yalikuwa na vitano. Waliambatanisha nakala na barua, wakampa diwani wao mkononi, na wakadai sahihi ya kupokelewa. Kikao kilichofuata kilipitisha viwili. Kwa hiyo kama mna diwani mwenye moyo, usimpe maneno ya hasira. Mpe karatasi, na mwombe ahesabu viti. Ukifika masijala, usikubali kuondoka bila muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwenye nakala yako.

Nakala hizo zitunze hata baada ya mambo kutulia, kwa sababu ofisi nazo huhama. Mei 2017 CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilivunjwa Dodoma na mambo yake yakahamia halmashauri. Aprili 2018 manispaa hiyo ikawa jiji. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nayo ikavunjwa, Ilala ikapandishwa ikawa ndiyo Jiji. Ofisi uliyopeleka barua yako inaweza isiwepo mwakani, na atakayeulizwa ushahidi ni wewe.

Utadhani basi mimi mambo yangu yako sawa. Nilinunua ekari tatu kijiji kimoja nje ya mji mwingine, mbali na kazini, kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtendaji. Hati ya kimila niliiahirisha mwaka hadi mwaka. Kijiji kikaja kuwa mtaa. Siku moja jirani akanipigia: "Dada, njoo uone, wamebandika mchoro." Nikaenda. Mchoro wa mipango miji ulikuwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, umeshikiliwa na misumari miwili, na katika ekari zangu tatu moja ilikuwa imepakwa kijani. Nikauliza kijani ni nini. Kijana wa upimaji akanijibu taratibu, kwa adabu, "Makaburi, mama."

Bado nafuatilia hadi leo. Pingamizi langu liko kwenye faili, lina muhuri. Lakini hatua ya kwanza niliyochukua ni ile niliyowafundisha wengine: niliomba muhtasari wa mkutano mkuu uliokubali kijiji kiingie mjini. Niliupata. Ajenda kuu ilikuwa kisima cha maji, na mpaka ukaingizwa kwenye mengineyo, mwisho kabisa, jua limeshazama. Nikapindua ukurasa kuangalia mahudhurio, nikitafuta upungufu. Namba 64 ni jina langu, na sahihi ni yangu. Nilikuja kwa ajili ya kisima, nikasaini, nikawahi basi la saa kumi.