Jeni, kemia ya ubongo na ukatili: majibu ya maswali yenu

Je, ni kweli kuna jeni ya wauaji?

Hakuna. Inayopewa jina hilo ni MAOA, iliyoko kwenye kromosomu X. Hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunja serotonini, dopamini na noradrenalini, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza ukoo mmoja wa Uholanzi ambao baadhi ya wanaume wake hawakuwa na kimeng'enya hicho kabisa. Walikuwa na upungufu wa akili kiasi na hasira za kulipuka. Hali hiyo ni nadra mno. Watu huichanganya na jeni hiyohiyo inapofanya kazi kwa kiwango cha chini, jambo la kawaida kwa takriban mwanamume 1 kati ya 3. Ingekuwa inatosha kumfanya mtu muuaji, pasingekalika.

Basi jeni haina mchango wowote?

Inao, ila hutegemea malezi. Huko Dunedin, New Zealand, wavulana walifuatiliwa tangu utotoni hadi miaka 26. Matokeo ya 2002 yalionyesha kuwa wenye MAOA dhaifu ambao pia waliteswa utotoni walikuwa 12% tu ya kundi, lakini walibeba 44% ya hukumu za makosa ya ukatili. Wenye jeni hiyohiyo ambao hawakuteswa hawakuonyesha hatari hiyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini mtoto anayepigwa na kudhalilishwa anahitaji kuokolewa leo, awe na jeni gani.

Wanaume wenye XYY, yaani kromosomu Y moja ya ziada, je, huzaliwa wakatili?

Dhana hiyo ilivuma miaka ya 1960. Utafiti wa Denmark wa 1976 haukuona kwamba wao ni wakatili zaidi.

Kaka yangu hulipuka kwa hasira. Apimwe serotonini kwenye damu?

Hapana. Sehemu kubwa ya serotonini hutengenezwa kwenye utumbo, na ile ya kwenye damu haivuki kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu hasira zake. Muoneni daktari wa akili. Andikeni kwanza: milipuko ilianza lini, hutokea mara ngapi, huchukua dakika ngapi, alikuwa amekunywa pombe au la. Kama tabia imebadilika ghafla ukubwani, hasa baada ya kuumia kichwa, au kuna degedege au maumivu mapya ya kichwa, aulizieni kipimo cha MRI (picha ya ubongo). Akiandikiwa fluoxetine, dawa inayoongeza kazi ya serotonini kwenye ubongo, nafuu huchukua wiki kadhaa. Asiongeze wala kuacha dozi bila daktari. Akitishia kuua, ondokeni hapo kwanza, kisha piga simu polisi.